Urefu Ambao Baba Hakuuona

Mtoto anayetembea kwa ncha za vidole, magoti yamekunjika na miguu inapishana kama mkasi, kwetu huitwa majina mengi, na mimi nimeitwa yote. Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya aliyemzaa. Zamu yangu ilipofika nilitafuta mtu aliyepita njia hii anieleze ilivyo, nisimpate. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata tu.

Jina langu Mwanasha. Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mji wa Palma kwa mwenye miguu. Uchungu wa kunizaa ulimkawilisha mama mpaka mkunga akaanza kumsomea dua za kuagana, na nilipotoka sikulia. Akili yangu haikuguswa. Ulimi uliguswa kidogo, ndiyo maana naongea polepole. Miguu ndiyo iliyobeba yote.

Mama alinibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani, kisha shuleni, mpaka vidole vyangu vya miguu vilipoanza kuburuta chini nyuma yake. Hapo nikajifunza kwenda mwenyewe, nikishika kuta, nikishika mabega ya wenzangu. Nilitembea vibaya, lakini nilitembea. Nilipoanza kuwa mwanamwali, mwili ukawa mzito na miguu haikuongezeka nguvu. Magoti yakazidi kukunjika, hata mtu akiniona nimesimama alidhani natafuta pa kukaa. Maumivu yakaingia magotini. Dunia yangu ikaanza kupungua: kwanza nikaacha kwenda kisimani, kisha chuoni, kisha kwa jirani, mwisho hata kwenda chooni uani nikawa nangoja mtu.

Ndiyo miaka ile gesi ilipoonekana baharini. Helikopta zilipita juu ya minazi yetu, na Palma vyumba vya kupanga havikupatikana tena. Kaka yangu Abdala alipata kazi ya kuosha masufuria katika kambi ya wachimbaji. Serikali nayo ikaleta watumishi kutoka kusini. Mmoja wao alikuwa Dona Lurdes, mwanamke wa Quelimane, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akawekwa kituo cha afya cha Palma. Mama alisikia habari zake sokoni, na kesho yake Abdala akanipakia kwenye baiskeli.

Dona Lurdes alinilaza kwenye meza, akaikunja miguu yangu na kuikunjua, akasikiliza kwa vidole kama mtu anayechagua nazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, Kireno changu kilikuwa cha shule, tukaelewana. Hakunidanganya. Alisema ugonjwa wenyewe uko kichwani tangu kuzaliwa na hakuna wa kuuondoa. Lakini misuli iliyokaza na kuwa mifupi yaweza kurefushwa kwa kisu, Pemba, hospitali kubwa. Nikamwuliza kama nitatembea kama watu. Akasema, "Hapana, mwanangu. Utatembea kama wewe, umenyooka zaidi. Usipofanya, karibu utaacha kusimama."

Baba hakutaka. Baba yangu, Saidi, alikuwa mjenzi wa nyumba za miti na udongo. Nyumba nyingi za kijiji chetu zimesimama kwa mkono wake, na hakuwahi kutumia kamba ya kupimia, jicho lake lilimtosha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alipomweleza, alikula mpaka chakula kikaisha, kisha akasema, "Huyu anasimama. Anasimama kwa namna yake. Wakimkata ikaharibika, nani atamrudishia miguu yake?"

Mama akamwambia kwamba aliyenibeba mgongoni ni yeye mama, si mwingine. Lilikuwa neno zito, na mama alilijua. Toka siku hiyo hawakugombana tena. Walinyamaziana tu, na mimi nikalala chumba cha pili nikisikia ukimya wao. Bibi mzaa baba alikuja kumwambia mama kwamba anamdharau mume. Mama alimpikia, akamsikiliza, akaendelea kukunja nguo zangu.

Tuliondoka korosho zikiwa zinamalizika. Asubuhi ile baba hakuwepo nyumbani. Walisema amekwenda mikokoni kukata miti. Nilitazama njia mpaka gari likapinda, sikumwona.

Pemba tulifikia kwa mama mdogo Rehema, ndugu yake mama, mjane mwenye nyumba ndogo na moyo mkubwa. Kila siku ya kliniki tulitoka baada ya alfajiri na kukaa kwenye benchi la ukumbi, migongo ukutani. Kungoja nako ni ugonjwa, hakuna anayekwambia. Unajifunza uso wa kila mtu. Palikuwa na mzee mmoja wa Mucojo aliyevunjika nyonga, alikuwa akisinzia begani kwa mkewe, na mkewe hakusogea hata mkono ukifa ganzi. Palikuwa na wanawake waliotuuliza waziwazi nani alimroga huyu. Mama alijibu kwamba hakurogwa, alichelewa kuzaliwa. Jibu hilo alilisema mara nyingi hata likawa jepesi kinywani mwake.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, mtu wa Beira. Alinitembeza kutoka ukuta mpaka ukuta, akaniangalia kwa mbele na kwa ubavu, akachora kwa kalamu kwenye ngozi yangu pale atakapokata: kinenani, nyuma ya magoti, nyuma ya visigino. Mama aligeuza uso. Si kwa damu, maana haikuwapo. Nadhani ni kwa kuona mwanawe amechorwa kama kitambaa cha fundi.

Sindano walinichoma uti wa mgongo, kwa hiyo sikulala. Kuanzia kiunoni nilikuwa sipo. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, nikasikia daktari na muuguzi wakizungumza habari za Palma, kwamba kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya gesi na mtumishi akihamishiwa huko hana pa kulala. Nikawa nawasikiliza wanavyoiongelea kwetu huku wanaifungua miguu yangu. Sikuogopa. Woga ulikuja baadaye.

Ulikuja na plasta. Ganzi ilipoisha nilikuta miguu yote miwili imefungwa toka mapajani mpaka vidoleni, na katikati yake wamefunga fimbo ili isikutane. Misuli yangu haikuwa na habari kwamba imekatwa. Usingizi ukianza kunichukua, inakaza ghafla kama ilivyozoea, inavuta, na ndani ya plasta hakuna pa kwenda. Sijui maumivu ya kuyafananisha na hayo. Mama alilala sakafuni kwenye mkeka chini ya kitanda, na kila nilipolia aliinuka akaweka viganja viwili juu ya plasta, kama mtu anayetuliza mnyama. Hakuna joto lililoweza kupenya plasta ile, lakini nilituliza pumzi kwa kuona mikono yake pale.

Nakwambia wewe unayengoja kupasuliwa: siku hizo hupita. Waombe dawa ya kulegeza misuli, usione haya. Mimi niliona haya, nikateseka bure mpaka muuguzi mmoja wa zamu alipomfokea mama kwa kunyamaza, kisha akaileta.

Tuliruhusiwa kurudi kwa mama mdogo Rehema mvua zilipokwisha shika. Nililala sebuleni kwake miguu imetanuka, watu wakipita wananikwepa. Wasichana wa mtaa walikuja kunisuka nywele. Ndani ya plasta ngozi iliwasha, nikawa napitisha kijiti cha ufagio. Mama aliniosha, akanigeuza, akanipeleka haja kwa beseni. Nilikuwa msichana wa kuolewa, nikawa tena mtoto mchanga. Yeye hakulisema hilo. Mimi nalisema.

Baba hakupenda simu. Abdala akimpigia mama, sauti ya baba tuliisikia kwa mbali tu ikiuliza kitu, Abdala ndiye akisema. Mara moja mama alisema kwa ukali, "Mpe simu baba yako," akaniwekea sikioni. Nilisikia pumzi zake kwanza. Akaniuliza, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akasema, "Haya. Kula," akamrudishia Abdala simu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Homa ilimshika mvua zikiwa katikati. Abdala alisema ni homa tu, amepewa vidonge. Kisha akasema hali chakula. Kisha akapiga, akaomba azungumze na mama mdogo Rehema, si mama, na mama aliyekuwa akichambua mchele akaacha mikono ndani ya ungo. Alijua kabla hajaambiwa.

Barabara ya kaskazini ilikuwa imekatika. Mito imejaa, malori ya kampuni yenyewe yamekwama matopeni, hakuna gari la abiria. Na hata ingepitika, maiti haingojei. Walimzika baada ya alasiri siku ile ile. Mama alikaa chini karibu na kichwa changu, akashika fimbo iliyotenganisha miguu yangu, akaishika kama mtu anavyoshika mlingoti. Hakulia kwa sauti. Mimi nililia kwa sauti, kwa ajili yetu sote wawili, na sikuweza hata kugeuka kumkumbatia.

Sijawahi kumsikia mama akisema kwamba kama si miguu yangu angalimwosha mumewe uso. Hakusema. Wengine walisema. Bibi mzaa baba alimtumia salamu kwa njia ya Abdala kwamba alichokitafuta amekipata. Abdala hakuzifikisha, lakini mke wake alizifikisha.

Mama akaingia eda pale pale Pemba, nyumbani kwa ndugu yake. Mwanamke wa eda hatoki, ndivyo tulivyolelewa. Na mimi siku ya kuondoa plasta ilikuwa inakaribia. Mama mdogo Rehema alisema atanipeleka yeye, lakini mgongo wake haukuweza kuninyanyua, na vijana wa mtaa mama hakutaka wanishike. Ikabidi wamtume mtu kwa sheikh wa msikiti wa jirani. Sheikh akajibu kwamba kwa haja, na mchana, mjane hutoka na kurudi kulala nyumbani kwake, na kumhudumia mwana mgonjwa ni haja. Mama akafunika uso, akanibeba.

Kwenye benchi lile wanawake walijua nguo za eda. Wakaanza kunong'onezana. Mmoja akamwuliza mama kama haoni haya kuwa nje. Mama aliendelea kuishikilia miguu yangu ya plasta. Yule mke wa mzee wa Mucojo, ambaye mzee wake hakuwa tena naye na hatukuuliza, alisogea katikati ya benchi, akaketi baina ya mama na yule mwanamke, akaanza kumenya chungwa. Akatugawia nusu. Mungu amlipe.

Plasta hukatwa kwa kimsumeno kinachopiga kelele kuliko kinavyouma. Ilipofunguka niliona miguu ya mtu mwingine: myembamba, ngozi inabanduka kama ya mjusi, makovu meusi, harufu ya chumba kilichofungwa. Lakini ilikuwa imelala sawa, mmoja kando ya mwenzake, haikupishana. Nikafurahi, nikajaribu kusimama, nikaanguka kama nguo iliyoloa.

Hili ndilo nisiloambiwa, au niliambiwa sikulielewa. Ule ugumu niliouchukia ndio uliokuwa ukinisimamisha. Walipouondoa, chini yake hapakuwa na nguvu. Kabla ya kisu nilitembea vibaya. Baada ya kisu sikutembea kabisa. Kwa muda mrefu, kila asubuhi mazoezini, niliililia miguu yangu ya zamani kwa siri. Niliwaza kwamba baba alisema kweli, na kwamba amekufa akiwa na haki.

Jua lilipoanza kukausha njia ndipo niliposimama. Wataalamu wa mazoezi walinifunga vyuma vya magotini, wakaniweka katikati ya nguzo mbili za kushika, mama akiwa mbele yangu na nguo zake za eda. Nikajisukuma kwa mikono. Nikapanda, nikapanda, kama mtu anayetolewa kisimani. Nilipofika juu nilimtafuta mama pale nilipozoea kuuona uso wake, hakuwepo. Nikainamisha macho. Nikaona utosi wake, ushungi umeteleza, na mvi katikati ya nywele ambazo sikuwahi kujua kwamba anazo. Nilikuwa mrefu kuliko mama yangu. Maisha yangu yote nilimtazama kutoka chini.

Mama akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Umechukua urefu wa baba yako." Kisha akakaa kwenye sakafu ya hospitali mbele ya watu, akalia kilio alichokuwa hajakilia tangu mvua.

Eda ilipokwisha tulirudi nyumbani. Abdala alitupokea, akanibeba mpaka uani, na pale uani nikaona kitu ambacho hakikuwapo: mistari miwili ya miti ya mikoko, imesimama sambamba toka mlangoni mpaka chooni, na juu yake fito zimefungwa kwa kamba, zimelainishwa kwa kisu hata hazina kibanzi. Abdala akasema baba ndiye aliyezijenga, kabla hajaugua. Alikwenda kwa miguu mpaka Palma kwa Dona Lurdes, akasimama mlangoni, akakataa kiti, akamwuliza mtu aliyekatwa miguu hujifunzia wapi kutembea. Dona Lurdes akamwonyesha kwa mikono: nguzo mbili za kushika, usawa wa nyonga. Baba akashukuru, akaondoka.

Nilisimama katikati yake, nikanyoosha mikono kushika. Sikuzifikia. Zilikuwa chini sana. Baba alipima kwa jicho, na jicho lake lilimjua Mwanasha aliyekunjika. Ili nizishike, ilinibidi nikunje magoti mpaka pale pale nilipokuwa.

Nikazikunjia. Kila asubuhi nilikwenda toka mlangoni mpaka chooni, nimeinama, kwa sababu mikono yake ilipita pale. Abdala alitaka kuzing'oa aweke nyingine. Mama alimkataza kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Alisema hiyo ni kazi ya mwisho ya mumewe na hataigusa mtu.

Dona Lurdes alikuja kunitazama, akaniona naenda. Akakaa kwenye kizingiti, akavua miwani. Akamwambia mama kwa upole kwamba fito hizi zinanirudisha; misuli itafupika tena, na kisu cha pili si kama cha kwanza. Mama akasema ameelewa. Dona Lurdes akasema tena, kwa Kireno safari hii, polepole, kwamba yule baba alimwuliza namna ya kumsaidia binti yake, hakumwuliza namna ya kuweka ukumbusho. Mimi ndiye niliyemtafsiria mama. Nilitamani nisingekwenda shule.

Mama alimsindikiza mpaka njiani. Alipika, akasali, siku zikapita. Kisha asubuhi moja, nikinywa chai, nikamwona uani na jembe, peke yake, anachimba kando ya nguzo ya kwanza. Abdala akaenda kumsaidia, na mama hakumzuia. Wakachimba, wakachimba, na mti haukwisha. Baba alikuwa amezizamisha kama nguzo za nyumba, kina cha kuweza kubeba paa. Basi hawakuzing'oa. Walizivuta juu, moja moja, kadiri ya nyonga yangu, wakashindilia mawe ya matumbawe chini yake, na miti ile ikatosha. Mama alinisimamisha kando ya kila nguzo, akapima kwa kiganja chake kiunoni mwangu. Udongo wa ndani ulikuwa bado na alama za sululu ya baba. Mama akaufunika kwa mkono.

Hapo ndipo nilipojifunza kutembea. Ilichukua kiangazi chote na mvua nyingine. Leo natembea kwa fimbo moja asubuhi, kwa mbili jioni. Kipupwe magoti huuma. Naanguka bado. Nashona kwa cherehani ya mkono, naenda kisimani kupiga soga ingawa ndoo sibebi. Wapo watu wanaosema ni muujiza, na wapo wanaosema si kitu, na wote hawakulala na fimbo baina ya miguu. Bibi mzaa baba aliniona nikiingia kwake nimesimama, akanishika usoni, akaomba nikae naye. Kwa mama hajasema neno, na mama bado humpelekea chakula.

Dona Lurdes hunitumia watu. Juzi juzi alimtuma mwanamke kutoka Pundanhar, amembeba binti mkubwa mgongoni, vidole vinaburuta. Alikaa ukumbini kwangu, akanitaka nimwonyeshe makovu, nikamwonyesha. Akaniuliza kama inauma, nikasema inauma. Akaniuliza kama mimi ningekuwa yeye ningekwenda. Nikasema ningekwenda. Kisha akashusha sauti, akasema mumewe hataki, kwa hiyo yeye na binti wanaondoka kesho mume akiwa shambani.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Dada, rudi Pundanhar kwanza. Mngoje. Hata akikasirika, mngoje, muende naye."